Kusema "Hairuhusiwi" kwa Kiholanzi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Makosa yanayowakwamisha Waswahili walioko Uholanzi na Ubelgiji kwenye jambo hili ni yale yale. La kwanza: mtu amelikariri neno *verboden* tangu siku alipotua, kwa kuwa limeandikwa kila kona, kisha analitumia kumkataza jirani, mtoto wake au mgonjwa anayemhudumia. Anaeleweka, ila anasikika kama ubao wa serikali. La pili: mtu anasema *Je mag niet te roken hier*. Sentensi ina maneno sita, na makosa mawili yamo ndani yake. La tatu ndilo linaloumiza zaidi: mtu anapokea barua iliyoandikwa *u hoeft niet*, akadhani amekatazwa, kumbe ameambiwa si lazima.

Yote matatu yanatibika. Fuata hatua kwa mpangilio wake, usiruke, maana kila moja inasimama juu ya iliyotangulia.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Daftari. Gawa ukurasa katikati. Upande wa kushoto andika "Ubaoni", wa kulia "Mdomoni". Mgawanyo huu ndio uti wa mgongo wa mwongozo mzima.

Simu yenye kamera. Mabango ya mtaani ni kitabu cha bure, na yameandikwa na wenye lugha.

Mtu mmoja wa kukusahihisha. Anaweza kuwa jirani, mfanyakazi mwenzako au mwalimu. Maktaba nyingi za Uholanzi zina *taalcafé*, kikao cha kuzungumza na watu wa kujitolea bila malipo. Ulizia maktaba ya mtaani kwako.

Vitenzi vichache unavyovijua vizuri. Nitatumia hivi: *roken* (kuvuta sigara), *parkeren* (kuegesha), *zwemmen* (kuogelea), *fietsen* (kuendesha baiskeli), *eten* (kula), *drinken* (kunywa), *aanraken* (kugusa), *neerzetten* (kuweka, kusimamisha kitu mahali), *vasthouden* (kushika), *meenemen* (kuja na kitu au kuondoka nacho). Usiongeze vingine mpaka hivi vikutoke bila kufikiri.

## Hatua ya 1: Tenganisha lugha ya ubao na lugha ya mdomo

Kiswahili hakibagui sana hapa. "Hairuhusiwi kuvuta sigara" unaweza kuiandika ukutani na unaweza kumwambia mtu. Kiholanzi kinabagua.

Ubaoni utaona: *Verboden te roken.*

Mdomoni utasikia: *Je mag hier niet roken.*

Neno *verboden* lina uzito wa sheria na adhabu. Halina mtu ndani yake: halisemi nani anakataza wala nani anakatazwa. Ndiyo maana linafaa ukutani, na ndiyo maana linakwaruza sikio likitoka kwa jirani. Mholanzi wa kawaida akitaka kukukataza atatumia kitenzi *mogen*, maana yake kuwa na ruhusa, akakiwekea *niet*. Kwa kifupi kabisa: *Dat mag niet.*

Jifunze *Dat mag niet* leo hii, kabla ya kitu kingine chochote. Inatosha kwa mtoto anayechezea soketi, kwa mgeni anayetaka kuingia na viatu, na kwa mwenzako kazini anayepita mahali pasipopitwa.

Tahadhari: *verboden* mdomoni si kosa la sarufi. Linasemwa pale unapozungumzia sheria yenyewe: *In Nederland is dat verboden*, huko Uholanzi jambo hilo limepigwa marufuku. Kosa ni kulifanya silaha ya kila siku.

Umefaulu ukiweza kusoma bango lolote la *verboden* na kulibadilisha papo hapo kuwa sentensi yenye *mag niet*, bila kupitia Kiswahili.

## Hatua ya 2: Weka matamshi sawa mapema

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji ambao wengine hawana. Sauti ya *g* inayowatesa wanafunzi wa mataifa mengi sisi tunayo: ni jirani wa *kh* ya "kheri" kama wanavyoitamka watu wa mwambao. Kwa hiyo *mag* ni "makh", na *geen* ni "kheen" yenye *e* ndefu. Kaskazini mwa Uholanzi sauti hiyo hukwaruza; kusini na Ubelgiji hulainika, ikakaribia *gh* ya "ghali". Zote zinakubalika. Kama unatoka bara na umezoea kusema "heri", chukua wiki moja ya kuzoeza koo kabla ya kusonga mbele.

Ile *ng* ya mwisho wa *toegang* (kuingia, mlango wa kuingilia) ni *ng'* ya "ng'ombe", na *oe* ni *u* yetu. Sema "tukhang'", mkazo silabi ya kwanza.

*Verboden* mkazo wake uko katikati, kwenye *bo*, na *o* inavutwa. Ile *n* ya mwisho watu wengi huimeza. Ukisikia "febode" mtaani, ndilo lenyewe.

*Niet* ni "nit". Usiseme "niyet", wala usiongeze irabu mwishoni ikawa "niti". Hili la irabu ya ziada ni tabia ya midomo yetu na linasikika sana kwenye maneno mafupi.

Kiwakilishi *u* cha heshima ndicho kigumu. Sema *i* huku midomo umeiviringa kama unayetaka kusema *u*.

## Hatua ya 3: Jenga sentensi ya *mogen*

Habari njema: kitenzi hiki kina sura mbili tu kwa wakati uliopo. *Mag* ni kwa mmoja, *mogen* ni kwa wengi.

*Ik mag, jij mag, u mag, hij mag, zij mag. Wij mogen, jullie mogen, zij mogen.*

Hakuna *t* ya kuongeza mwishoni, hata kwa *hij*. *Hij magt* haipo.

Sasa kanuni inayovunjwa kuliko zote: baada ya *mogen* hakuna *te*. Kitenzi cha pili kinakuja kikavu, na kinakwenda mwisho wa sentensi.

- Sahihi: *Je mag hier niet roken.*
- Kosa: *Je mag hier niet te roken.*

Kwa nini watu wanakosea? Kwa sababu wameona *Verboden te roken* mara elfu, wakaibeba *te* na kuihamishia kwenye *mogen*. Basi shika hivi: *te* ni mali ya *verboden*, na pia ya *hoeven* tutakayokutana nayo mbele. *Mogen* haina haja nayo.

Jambo la pili ni mahali pa *hier*. Sisi tunasema "huruhusiwi kuvuta sigara hapa", na "hapa" linakaa mwisho kwa raha zake. Kwa Kiholanzi *hier* linatangulia *niet*, na kitenzi kinafunga mlango: *Je mag hier niet parkeren.* Au unaliweka mwanzo kabisa, na hapo kitenzi na mtu wanabadilishana nafasi: *Hier mag je niet parkeren.* Kitenzi kilichonyambuliwa hakikubali kutoka nafasi ya pili.

Na jambo la tatu: *je* au *u*? Kwa mtoto, rafiki, mfanyakazi mwenzako, *je*. Kwa mzee, mgonjwa, mteja na mtu usiyemjua aliyekuzidi umri, *u*. Wewe uliyelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo huna shida ya kujua nani anastahili *u*. Fuata silika hiyo hiyo, hata kama Waholanzi vijana wanaonekana kuitumia kidogo. Mkubwa mwenyewe akisema *zeg maar je*, amekuruhusu kutumia *je*.

Umefaulu ukiweza kusema sentensi hizi tatu bila kusita: *Je mag hier niet roken. Hier mogen jullie niet zwemmen. U mag hier niet parkeren.*

## Hatua ya 4: Chagua kati ya *niet* na *geen*

Kiswahili kinabeba ukanushaji ndani ya kitenzi: *hu-*, *ha-*, *usi-*. Kiholanzi kinauweka nje, kwenye neno lake, na maneno yapo mawili. Hapa ndipo ninapokuomba utulie, maana kosa la *niet* na *geen* linadumu miaka kama halikusahihishwa mapema.

Jiulize swali moja: je, kuna nomino inayokatazwa, na je, nomino hiyo ni ya jumla tu, haina *de*, *het* wala mwenyewe?

Kama ndiyo, tumia *geen*, tena ligande mbele ya nomino hiyo:

- *Je mag hier geen alcohol drinken.* Huruhusiwi kunywa pombe hapa.
- *Je mag hier geen foto's maken.* Huruhusiwi kupiga picha hapa.
- *U mag geen eten meenemen.* Huruhusiwi kuja na chakula.

Kama nomino inajulikana, tumia *niet*, na likae baada ya nomino:

- *Je mag je fiets hier niet neerzetten.* Huruhusiwi kuweka baiskeli yako hapa.
- *Je mag de schilderijen niet aanraken.* Huruhusiwi kugusa michoro.

Kama kuna kihusishi kama *op*, *in*, *met*, basi mara nyingi *niet* linakitangulia:

- *Je mag niet op het gras lopen.* Huruhusiwi kutembea kwenye nyasi.
- *Je mag niet met schoenen naar binnen.* Huruhusiwi kuingia na viatu.

Tazama sentensi ya mwisho: haina kitenzi cha pili kabisa. Kukiwa na mahali pa kwenda, *mogen* inasimama peke yake. Ni Kiholanzi safi cha kila siku.

Ukishaiva hapo, ongeza *meer*. *Niet meer* na *geen … meer* maana yake "siyo tena". Chukua kanuni mbili za kweli za Uholanzi zinazowahusu wengi wenu:

*Sinds 1 juli 2019 mag je op de fiets geen telefoon meer vasthouden.* Tangu 1 Julai 2019 hairuhusiwi kushika simu mkononi ukiwa unaendesha baiskeli.

*Sinds 1 oktober 2020 mag je op het perron niet meer roken.* Tangu 1 Oktoba 2020 hairuhusiwi kuvuta sigara kwenye jukwaa la treni.

Zichambue neno kwa neno. Ya kwanza inatumia *geen* kwa sababu simu yoyote inahusika. Ya pili inatumia *niet* kwa sababu hakuna nomino inayokatazwa, kuna tendo. Ukiweza kumweleza mwenzako tofauti hiyo, umeielewa.

Tahadhari ya ukanushaji mara mbili. Kwa Kiswahili tunasema "mtu yeyote haruhusiwi kuingia". Ukiifuata utasema *Niemand mag niet naar binnen*, na hapo utakuwa umevunja maana. *Niemand* (hakuna mtu) tayari limekanusha: *Niemand mag naar binnen.*

## Hatua ya 5: Soma na uandike ubao

Sasa rudi kwa *verboden*, safari hii nyumbani kwake. Miundo ya ubaoni ni michache na inajirudia.

Verboden te + kitenzi. *Verboden te roken. Verboden te zwemmen.* Ukiongeza kitu, kinakaa kabla ya *te*: *Verboden afval te storten*, hairuhusiwi kumwaga taka. *Verboden de dieren te voeren*, usilishe wanyama.

Kitenzi + verboden. *Roken verboden. Zwemmen verboden.* Angalia: *verboden* likitangulia linadai *te*, likija nyuma, *te* inatoweka.

Verboden voor + nomino. *Verboden voor honden*, mbwa marufuku. *Verboden voor onbevoegden*, wasiohusika wasiingie.

Verboden toegang au Geen toegang. Hairuhusiwi kuingia.

Niet + kitenzi. *Niet aanraken*, usiguse. *Niet storen*, usisumbue. Huu ndio mwenzake wa "usi-" yetu, na ni mpole kidogo kuliko *verboden*.

Hier geen + nomino + kitenzi. *Hier geen fietsen plaatsen*, usiweke baiskeli hapa (*fietsen* hapa ni nomino, "baiskeli"). Utaliona bango hili kwenye madirisha na milango ya nyumba, kwa kuwa baiskeli huegemezwa popote. Likiongezwa *fietsen worden verwijderd*, maana yake baiskeli yako itaondolewa. Usidharau.

Vitenzi vinavyogawanyika vina kaida yao: *te* inaingia katikati. *Neerzetten* inakuwa *neer te zetten*: *Het is verboden hier fietsen neer te zetten.* Kwenye sentensi ndefu kama hii unaweza kuongeza *om*: *Het is verboden om hier te roken.* Ukiiweka sawa, ukiiacha sawa.

Kuna pia namna ya kuunganisha: chukua shina la tendo, lishone na *verbod* (katazo). *Rookverbod, parkeerverbod, zwemverbod, inhaalverbod* (katazo la kupita gari lililo mbele). Ukikuta neno refu linaloishia na *verbod*, soma mwanzo wake tu, utajua kinachokatazwa.

Alama za barabarani hazihitaji hata sarufi. Duara lenye ukingo mwekundu ni katazo. Duara la buluu lenye ukingo mwekundu na mstari mmoja wa mshazari: usiegeshe. Likiwa na mistari miwili iliyokatizana: usisimame kabisa, hata kushusha abiria. Hii tofauti ya mstari mmoja na miwili ina faini ndani yake.

Umefaulu ukiweza kuandika bango lako mwenyewe la mlangoni, kwa mfano la kuwaomba watu wasiweke baiskeli, na Mholanzi asione kitu cha kusahihisha.

## Hatua ya 6: Tafuta neno linalofungua mlango

Bango la Kiholanzi mara nyingi linakataza kwa mkono mmoja na kuruhusu kwa mwingine. Anayesoma *verboden* peke yake ama anajinyima haki yake, ama anatozwa faini. Maneno ya kuwinda ni haya:

- *uitgezonderd* na *m.u.v.*: isipokuwa. *Uitgezonderd fietsers*, isipokuwa waendesha baiskeli. *M.u.v. vergunninghouders*, isipokuwa wenye kibali.
- *behalve*: isipokuwa, zaidi mdomoni.
- *alleen* na *uitsluitend*: tu, pekee.
- *mits*: kwa sharti kwamba. *Honden toegestaan mits aangelijnd*, mbwa wanaruhusiwa kwa sharti wafungwe kamba.
- *tenzij*: isipokuwa kama.
- *t/m*: hadi na pamoja na. *Ma t/m vr* ni Jumatatu hadi Ijumaa, na Ijumaa yenyewe imo.

Mfano wa kukaa nao ni ubao wa msituni, ule unaoukuta njia inapoingia kwenye miti. Mistari yake hufanana sana kutoka msitu mmoja hadi mwingine: *Opengesteld op wegen en paden*, pamefunguliwa kwenye barabara na vijia. *Tussen zonsopkomst en zonsondergang*, kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua. *Honden aan de lijn*, mbwa wawe na kamba. Kisha chini kabisa: *Overigens verboden toegang, art. 461 Wetboek van Strafrecht.*

Neno la kushika ni *overigens*, hapa likimaanisha "vinginevyo" au "kwingineko kote". Kwa hiyo ubao huu haukufukuzi. Unakukaribisha mchana, ukiwa njiani. Ukitoka kwenye njia au ukiingia usiku ndipo kifungu cha 461 cha sheria ya jinai, kile cha kuingia kwenye ardhi ya mtu palipokatazwa, kinapokuhusu. Nimeona familia nzima zikigeuza njia mbele ya ubao wa namna hii kwa sababu ya neno moja la mwisho, na watoto walitamani kutembea.

Mdomoni, neno linalofungua mlango ni *wel*. Ni kinyume cha *niet*: *Hier mag het niet, daar mag het wel.* Hapa hairuhusiwi, pale inaruhusiwa. Lizoee, maana kila anayekukataza akiwa na ukarimu kidogo atamalizia na *wel*.

## Hatua ya 7: Usichanganye "usifanye" na "si lazima"

Weka maneno manne mstari mmoja uyaone:

- *Je mag niet betalen.* Huruhusiwi kulipa.
- *Je hoeft niet te betalen.* Si lazima ulipe.
- *Je kunt niet betalen.* Huwezi kulipa, haiwezekani.
- *Je moet niet betalen.* Usilipe, nakushauri usilipe.

Barua za manispaa, za bima na za shule zimejaa *hoeft niet*. *U hoeft niets te doen* ni habari njema: huna la kufanya. Ukiisoma kama katazo utapoteza usingizi bure. Kinyume chake, *u mag niet werken* kwenye karatasi za ukaazi si ushauri hata kidogo. Ni katazo kamili.

Tahadhari kwa walioko Ubelgiji: upande wa Flanders, yaani eneo linalozungumza Kiholanzi, watu wengi husema *je moet niet*, au kwa lugha ya mtaani *ge moet niet*, wakimaanisha "si lazima". *Ge moet niet betalen* kinywani mwa mtu wa Antwerpen ni kwamba huna haja ya kulipa. Msemo huo huo, ukisemwa Utrecht, Uholanzi, unasikika kama onyo. Ukiwa na shaka, uliza: *Mag het niet, of hoeft het niet?* Hairuhusiwi, au si lazima? Swali hilo linamaliza utata pande zote mbili za mpaka.

*Kan niet* nayo ina hila yake. Dirishani, karani akisema *Dat kan niet*, mara nyingi ni njia ya kukataa ombi lako. Na mtu akisema kwa hasira *Dat kan echt niet!*, anasema tendo lako halivumiliki. Hapo hazungumzii uwezo.

## Hatua ya 8: Punguza au ongeza makali

Watu wetu hulalamika kwamba *Dat mag niet* ni ufidhuli, kwa kuwa kwetu katazo hutanguliwa na samahani, pengine na salamu. Kwa Mholanzi sentensi hiyo ni taarifa tu. Usiipokee kama tusi. Lakini wewe unapokataza, unaweza kuilainisha vizuri sana:

- *Dat mag hier niet, hoor.* Kijineno hiki mwishoni kinaondoa ukali.
- *Eigenlijk mag dat niet.* Kwa kweli hairuhusiwi. Sauti ya kirafiki.
- *Helaas mag dat niet.* Kwa bahati mbaya hairuhusiwi. Inafaa kwa wateja.
- *Dat heb ik liever niet.* Ningependa usifanye hivyo. Nyumbani kwako mwenyewe.
- *Dat is niet de bedoeling.* Hivyo sivyo inavyotakiwa. Usidanganyike na upole wake: bosi akikuambia hivi, amekukataza.
- *Wilt u hier niet roken, alstublieft?* Ombi la heshima.

Kwa makali: *Niet doen!* (acha!), *Afblijven!* (usiguse!), na kwa maandishi *ten strengste verboden*, marufuku kabisa.

Kwa wanaofanya kazi ya kutunza wazee, namna bora ni kumtaja aliyekataza kwa kutumia *van*: *U mag van de dokter geen zout.* Daktari amekukataza chumvi. Mzee hasikii wewe ukimwamuru, anasikia daktari. Watoto nao wanaitumia kila saa: *Ik mag niet van mama.* Ni muundo mdogo, lakini vitabu vingi vya mwanzo huuchelewesha, nao unaokoa heshima ya watu wawili kwa mpigo.

## Hatua ya 9: Jua la kujibu ukikatazwa

Ukiwa umekosea kweli, sentensi moja inatosha: *Sorry, ik wist niet dat dat niet mocht.* Samahani, sikujua kwamba hairuhusiwi. *Mocht* ni *mag* ya wakati uliopita, na *dat dat* mara mbili si kosa: la kwanza ni "kwamba", la pili ni "hilo".

Ukitaka kujua pa kwenda: *Waar mag het wel?* Wapi panaruhusiwa?

Na ukiona unakatazwa jambo ambalo hakuna ubao uliolikataza, uliza kwa utulivu: *Van wie mag dat niet?* Nani amelikataza? Au: *Waar staat dat?* Limeandikwa wapi? Uliza hivyo huku ukitazama kama kuna bango. Likiwepo, utalisoma mwenyewe, hadi kwenye *uitgezonderd* yake.